Wifi Yangu Mama Riba

Nilipokuwa naolewa, rafiki zangu walinionya juu ya mtu mmoja tu. Si mume, wala si mama mkwe. Ni wifi. "Huyo amesoma mpaka akasomea nyumba," waliniambia. "Atakukagua kuanzia paa hadi msingi." Na kila mtu anajua kwamba mawifi hawaivi chungu kimoja.

Alikuja kututembelea Jumapili moja alasiri, mrefu, mwembamba, mkoba umejaa karatasi za mitihani. Hata kabla hajakaa akaniuliza, "Hapa mnalipa kodi kiasi gani? Na mwenye nyumba hupandisha kila mwaka au siku anapojisikia?"

Nilidhani ananichimba. Nikamtazama mume wangu, naye anacheka mpaka amejikunja.

"Hiyo ndiyo salamu yake," akasema. "Amekupenda."

Mume wangu ni mwalimu wa michezo, mtu wa sauti kubwa na mipango ya ghafla. Dada yake ni tofauti naye kama mchana na usiku. Walilelewa na mama peke yake, fundi cherehani katika kiwanda cha sare, na utoto wao wote waliupitisha katika vyumba vya kupanga. Kila mwenye nyumba alipopata mpangaji mwenye mfuko mnene zaidi, wao walifunga virago. Mama hakuwahi kuchelewesha kodi hata mwezi mmoja. Siku moja akajipa moyo, akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Ofisa akamwuliza ana nyumba gani ya kuweka rehani.

"Ningekuwa na nyumba ningekuja kwako kufanya nini?" mama akamjibu.

Binti yake alikuwa ameketi kwenye benchi hapo hapo, amevaa sare za shule. Miaka mingi baadaye alinieleza kwamba aliichagua kazi yake siku ile. Alitaka kujua yule ofisa amefundishwa na nani.

Alisoma akamaliza, akapata udaktari, akaajiriwa chuo kikuu kufundisha mambo ya fedha. Wenzake idarani walikuwa watu wa hisa na sarafu za kigeni. Walimwambia nyumba ni mambo ya wahandisi na madalali, atafute kitu chenye heshima. Yeye aling'ang'ania hapo hapo kama kupe. Alifundisha jinsi benki inavyopanga riba, kwa nini mkopo wa miaka ishirini unaiogopesha benki kuliko mkopaji, na kwa nini mtu mwenye mshahara mdogo lakini wa uhakika ni bora kuliko tajiri wa msimu. Kila kipindi alikianza kwa kutaja riba ya asubuhi hiyo, kama wengine wanavyoanza na hali ya hewa. Wanafunzi wakamwita Mama Riba. Jina likamfuata hadi nyumbani, na watoto wetu walikua wakimwita Shangazi Riba, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Kisha ukaja ule wakati ambapo mabenki yote yaligundua nyumba kwa mpigo. Matangazo kila kona. Bei zikaumuka kama unga uliotiwa hamira nyingi. Watu waliokuwa wakizungumza mpira vijiweni sasa walizungumza viwanja. Mume wangu naye homa ikampata. Akaiona nyumba katika mradi mpya pembeni ya mji, ya mwisho kwenye safu, vyumba vitatu na kibaraza cha nyuma, akarudi nyumbani macho yanang'aa kama mtu aliyechumbia.

"Tumwite Dada aje aione," nikasema.

Wifi akaja. Akazunguka, akagonga kuta, akafungua bomba, akasimama barazani muda mrefu akibonyeza kikokotoo. Dalali alimtazama kama mgonjwa anavyotazama sindano.

"Nyumba ni nzuri," akasema alipomaliza. "Usiinunue."

"Kwa nini?"

"Kodi ya nyumba kama hii haifiki hata nusu ya marejesho utakayolipa benki kila mwezi. Bei imeikimbia kodi mno, na haiwezi kukimbia hivyo milele. Subiri miaka mitatu, minne. Itashuka."

"Dada, kazi yako si kufundisha watu kununua nyumba?"

"Nafundisha namna nyumba zinavyonunuliwa. Si kitu kimoja."

"Na Mama asubiri miaka minne?"

Hapo akaacha kubonyeza kikokotoo. Mama alikuwa ameanza kuumwa magoti, na chumba alichopanga kilikuwa juu ghorofani. Lakini wifi yangu hakujua kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu. "Hesabu haijali magoti," akasema.

Mume wangu akakasirika, akasema maneno, akajibiwa maneno. Juma lililofuata tulitia saini mkopo, mimi na yeye. Mama akahamia kwetu. Dada mtu hakuja kuiona nyumba, na mdogo mtu hakumpigia simu. Mimi na wifi ndio tuliokuwa tukizungumza kwa siri, kama wapenzi. "Mama anatembea vizuri?" ananiuliza. "Anatembea," namjibu. "Amegombana na jirani." "Basi ni mzima," anasema, na simu inakatika.

Wakati huo huo akaalikwa kwenye televisheni. Akasema mbele ya taifa zima kile alichomwambia mdogo wake barazani. Mwenye kampuni moja ya ujenzi akamwita bundi hadharani. Madalali walimkunjia uso mitaani. Mkuu wa chuo akamwita ofisini kumkumbusha kwa upole kwamba kuna benki imeahidi kujenga ukumbi wa mihadhara, na kwamba maneno mengine yanaweza kusemwa kwa sauti ya chini. Mwaka ule watu watatu idarani walipandishwa cheo. Yeye hakuwemo.

Halafu bei zikashuka, karibu kabisa na wakati aliousema.

Zilishuka vibaya. Katika safu yetu, nyumba pacha na yetu iliuzwa kwa bei ambayo, tulipoisikia, mume wangu aliomba itajwe tena. Deni letu lilikuwa limeipita thamani ya nyumba. Yaani tungeiuza, tungeipa benki fedha zote, na bado tungebaki na deni bila nyumba.

Ndipo wifi yangu akaja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilimwona akifungua geti. Mume wangu alikuwa akipaka rangi ukuta wa barazani. Hakugeuka.

"Sema tu," akasema. "Sema ulinionya, tumalize."

"Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa lipi?"

"Nimekuja kuuliza. Utaondoka?"

Sasa akageuka. "Niondoke wapi?"

"Hapa. Kwa hesabu, mtu ambaye deni lake limepita thamani ya nyumba anairudishia benki funguo, anakwenda kupanga nyumba kama hii hii kwa nusu ya gharama. Nimeandika tasnifu nzima kuthibitisha hivyo. Nimezunguka mitaa hii wiki mbili nikihesabu nyumba zilizoachwa. Ni chache mno. Nataka kujua kwa nini."

Mume wangu akaweka brashi chini. "Dada, yaani umekasirika kwa sababu sijaondoka?"

"Sijakasirika. Sijaelewa."

"Nani anaondoka?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe kutoka jikoni. Akatokea mlangoni, kijiko kikubwa mkononi. "Nani kasema kuondoka? Mimi nimehamishwa na wenye nyumba mpaka nikachoka kufungua virago. Hapa nitatoka nimebebwa. Na wewe," akamwelekezea binti yake kijiko, "umekonda. Hicho chuo hakilishi watu?"

Wifi yangu akamtazama mama yake, akamtazama mdogo wake aliyejaa rangi mpaka nyusi. Akavua viatu, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza, na akaanza kucheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka vile, machozi yanamtoka. Mume wangu akaketi kando yake. Sikusikia walichosemezana, maana mama alinivuta ndani. "Waache," akaniambia. "Wakigombana huwa hivyo hivyo tangu wadogo. Mmoja huwa hajui kuanza, mwingine hajui kumaliza."

Kuanzia hapo akaanza kazi iliyomjengea sifa. Alitaka kuzungumza na watu wa mtaa wetu na wa miradi mingine kama wetu, mlango kwa mlango. Juma la kwanza karibu kila mlango ulifungwa usoni pake. Nikamfuata nione kosa liko wapi. Alibisha, mama mmoja akafungua, na wifi yangu akasema, "Habari. Unadaiwa kiasi gani?"

Nikamshika mkono, nikamrudisha barabarani.

"Wifi, hivyo ndivyo wanavyobisha wadai. Uliza kwanza watoto. Uliza hali. Sifu maua, kama yapo."

"Na kama hayapo?"

"Sifu pazia."

Basi tukawa tunakwenda wote mwishoni mwa juma, mimi nasalimia, yeye anauliza. Tulikaribishwa vibarazani, tukaonyeshwa nyufa na watoto wachanga. Kuna dereva mmoja aliyekuwa akilipa mkopo kwa kuendesha gari zamu mbili. Alisema haachi nyumba kwa sababu jirani ndiye anayempa mkewe mgonjwa dawa kila siku kwa wakati, yeye akiwa barabarani. Na kuna wale mume na mke walioachana lakini wakashindwa kuuza, kwani wangeuza wasingegawana chochote ila deni. Wakaamua mume akae ghorofa ya juu, mke ya chini, wasalimiane kama majirani mpaka bei ipande.

"Na mtangoja mpaka lini?" wifi akawauliza.

"Soko likitengemaa," akajibu mke, kwa uso usio na mzaha.

Tuliporudi mwaka uliofuata, mke alikuwa na mimba ya miezi saba. Wifi yangu alitoka pale ameuma midomo, na tulipokunja kona akasema, "Soko limetengemaa."

Alichokigundua, kwa jinsi alivyonieleza mimi, ni hiki: watu hawaikimbii nyumba kwa sababu bei imeshuka. Wanaikimbia mshahara unapokatika au maradhi yanapoingia. Kwa hiyo benki inayokimbilia kupiga nyumba mnada inamfukuza mtu ambaye, akiongezewa miaka na kupunguziwa marejesho kwa muda, angelipa mpaka senti ya mwisho. Akaandika. Majarida yalimrudishia makala yake mara kadhaa, moja likisema maelezo yamejaa mno mapazia. Akarekebisha, akatuma tena. Yakachapishwa. Wageni wakaanza kumwalika nchi za mbali. Na benki moja, kisha nyingine, zikaanza kuongeza muda badala ya kuita madalali wa mnada. Katika nyumba zilizookolewa, baadhi tulizijua rangi za milango.

Uprofesa ulikuja ukiwa umechelewa, lakini ulikuja. Siku ya mhadhara wake wa kiprofesa tulikaa safu ya mbele, mama mkwe katikati yetu na fimbo yake. Mume wangu alivaa suti iliyombana. Ilipofika picha ya mistari inayopanda na kushuka, aliniegemea akaninong'oneza, "Pale pa chini kabisa ni sisi." Mwishoni mwanafunzi mmoja akasimama na kuuliza kama Profesa mwenyewe anaishi katika nyumba yake.

"Hapana," akajibu. "Ninaishi nyumba ya chuo. Mganga hajigangi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, lakini mama mkwe hakucheka. Alimtazama binti yake pale juu kwa muda mrefu, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Mama alifariki miaka michache baadaye, chumbani mwake, sote tukiwepo. Na mwaka mmoja baada ya hapo Mama Riba akastaafu, akatakiwa kuirudisha nyumba ya chuo. Kwa mara ya kwanza maishani akaingia benki kujiombea mkopo wa nyumba. Kijana wa pale alikuwa mwanafunzi wake. Akasimama kwa heshima, akamtafutia kiti, akamwambia kwa aibu kubwa kwamba umri umepita.

"Sawa kabisa," wifi yangu akamwambia. "Nami nisingejikopesha. Umefanya vizuri."

Akaamua kutumia kiinua mgongo chake. Nyumba aliyoipenda ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, ndogo, ya vyumba viwili. Tulikwenda naye, mimi na mume wangu. Mwenye nyumba, mzee mmoja mjane, akataja bei. Nilijua ni kubwa. Mume wangu alijua. Paka aliyelala ukutani nadhani alijua. Tukamtazama profesa wa nyumba, tukisubiri aanze kumchambua mzee wa watu.

"Nakubali," akasema.

Nikamvuta kanga. "Wifi, omba apunguze!"

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Atabadili mawazo."

Njiani mume wangu hakujizuia. "Dada, umepigwa. Umepigwa mchana kweupe! Wewe?"

"Najua nimepigwa."

"Kwa hesabu ipi sasa?"

Wifi yangu alishatangulia. Alikuwa anatembea haraka, mkoba unamgonga nyonga, kama msichana aliyetumwa dukani na kuambiwa chenji ni yake.

Tulimhamisha Jumamosi. Mume wangu alibeba maboksi ya vitabu akilalamika kila hatua kwamba elimu ni nzito. Mimi nilitundika mapazia, yeye akikosoa urefu. Mchana tulitoka kwenda kununua balbu na kufuli, na tuliporudi tulimkuta kwenye godoro lililokuwa bado chini, katikati ya maboksi, amelala fofofo na viatu miguuni. Mume wangu akainama, akamvua kimoja, kisha kingine, akaviweka ukutani sambamba. Tukaacha kufuli juu ya boksi, tukaurudisha mlango taratibu.