Wapiga Hodi Kwenye Kompyuta ya Mjomba

Alhamisi asubuhi mjomba alinitumia ujumbe kwenye simu: "Njoo na hasira zako zote. Kuna wa kufukuzwa."

Nilimwelewa mara moja. Mimi ni fundi wa kompyuta, na katika ukoo wetu hasira zangu zinajulikana kuliko ufundi wangu. Hao wa kufukuzwa ni zile programu ndogo zinazojificha ndani ya kompyuta na kuulizia matoleo mapya kutwa nzima. Mimi huziita wapiga hodi. Umekaa unaandika barua yako, hodi, toleo jipya limefika. Unasikiliza taarifa ya habari, hodi, tafadhali zima halafu uwashe. Wapo wenye kazi ya maana, wanaoziba matundu ya wezi, na hao nawaacha ila nawapangia saa ya kuja. Waliobaki waliingia wamedandia mizigo ya wengine, wakajitandikia, na hakuna anayekumbuka nani aliwakaribisha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa koo kuondolewa uvimbe, na sauti ikaenda na uvimbe. Tangu hapo anaongea kwa daftari dogo linaloning'inia shingoni kwa uzi, na akitaka kukuita anapiga makofi mawili. Sauti imekwenda, mdomo umebaki. Nilipoingia tu aliniangalia nywele, akaandika: "Umepigana na kitana?"

"Nimetoka mbio kwa ajili yako. Ningechana nywele ungesema nimechelewa."

Akafungua ukurasa mpya. "Jumamosi kompyuta hii inyamaze nusu saa. Isipige hodi hata mara moja."

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yake wa pekee, ambaye sote tunamwita Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno ya kutosha. Nikamuuliza mjomba kompyuta inakwenda kufanya nini harusini. Akalifunika daftari kwa kiganja.

Mjomba ni mtu wa siri tangu nimjue. Shuleni alikuwa akificha mitihani ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, chini ya ile dawa ya vidonda inayowasha, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyelisogelea sanduku lile kwa hiari yake. Nyumbani funguo za akiba zinakaa chini ya matambara kwenye ndoo ya kupigia deki. Kwake yeye, kitu cha thamani kinafichwa mahali panapochukiza watu. Hayo yote niliyajua tangu utoto, na asubuhi ile sikuyakumbuka hata kidogo.

Nikakaa sebuleni, nikaanza kuwahesabu. Nilipata sita. Mmoja alikuwa wa mchezo wa magari walioucheza wajukuu wa jirani. Mwingine alikuwa wa programu ya kuchezea video. Mwingine alikuwa wa printa, na printa yenyewe ilikufa mwaka juzi ikatupwa, lakini mpiga hodi wake bado alikuwa akija kila siku kuulizia hali yake.

Fundi mwenye akili zake anaanza kwa kunakili kila kitu pembeni ndipo aguse chochote. Hiyo ndiyo sheria, na mimi ndiye ninayewafokea wengine wakiivunja. Lakini huyu wa video alinipandisha hasira. Nilimfuta, akarudi. Nikamfuta tena, akaniletea kidirisha kuniuliza kama nina hakika. Mara ya tatu akaniambia sina ruhusa. Mimi, sina ruhusa. Damu ikanichemka, nikaishika folda yake nzima na vyote vilivyomo, nikaifuta moja kwa moja bila kuipitisha kwenye pipa la taka. Mimi nikifuta, nimefuta. Nilijisikia vizuri sana, nakiri.

Mkazamjomba, yaani mke wa mjomba, akaleta chai. Tukakaa barazani karibu nusu saa, ananisimulia fundi cherehani alivyombana nguo kiunoni, mjomba akichangia kwa kuandika kwamba si nguo iliyobadilika. Kompyuta tuliiacha inawaka mezani. Nilisikia feni yake ikivuma kwa nguvu, nikadhani ni joto.

Kisha mjomba akaenda kukagua kazi yangu. Mara nikasikia kiti kinaanguka. Makofi mawili. Halafu makofi mengi, ya haraka haraka.

Nilimkuta amesimama, mkono kwenye meza. Aliandika: "Folda ya mpiga hodi wa video iko wapi?"

"Nimeifuta. Alikuwa mkaidi."

Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu mwaka ule wa kwanza. Alipoandika, herufi zilikuwa zimeinama kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Sauti yangu ilikuwa humo."

Nilisoma mara tatu. Nilijisikia mjinga nikiuliza, "Sauti gani?"

Akaandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Siku nne kabla ya upasuaji, akiwa peke yake nyumbani, alikaa mbele ya kompyuta ile na kurekodi maneno ya harusi ya Kasuku. Dakika nane. Wakati huo Kasuku alikuwa na miaka ishirini na miwili na hana hata mchumba. Hakumwambia mtu. Hakuweka nakala kokote, maana nakala ikizagaa ingesikilizwa. Na kwa kuwa wajukuu wa jirani walikuwa wakiichezea kompyuta na kufuta hovyo, aliificha rekodi yake ndani ya folda ya mpiga hodi, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingefungua. Mwisho aliandika: "Nani angegusa pale?"

"Mimi," nikasema.

Niliichomoa kompyuta kwenye umeme na betri nikaivuta. Faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kinachofutwa kwanza ni jina lake kwenye orodha, lenyewe linabaki palepale kwenye diski mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake. Kwa hiyo bado nilikuwa na tumaini. Niliitoa diski kwa bisibisi, kwa pupa hadi skrubu moja ikapotelea chini ya kochi, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu ya kazini iliyokuwa kwenye begi, nikawasha programu ya kufufua mafaili. Mkazamjomba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Mjomba alishika bega la kiti changu, na sikuthubutu kugeuka.

Dakika arobaini baadaye faili lilionekana. Jina lake lilikuwa "hesabu za zamani". Nikalifungua. Urefu wake ulikuwa sekunde kumi na moja.

Zilizobaki zilikuwa za printa.

Nilikagua mara mbili, maana sikuamini. Wapiga hodi hawakuwa sita, walikuwa saba. Yule wa printa alikuwa na pacha aliyejificha kwenye ratiba za ndani kwa jina lisilofanana naye, naye alikuwa amepangiwa kufanya kazi pale kompyuta inapopumzika. Kompyuta ilipumzika tulipokuwa tunakunywa chai. Feni ile iliyovuma ilikuwa ni yeye anashusha mzigo mpya wa printa iliyokwisha kuoza jalalani, na kati ya nafasi zote za diski ile aliuweka juu ya sauti ya mjomba. Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na nilishindwa kukizuia.

"Weka tusikie," mkazamjomba akasema.

Nikabofya. Kulisikika kiti kikikwaruza sakafu. Mtu akakohoa. Kisha mjomba akasema, kwa ile sauti nzito iliyokuwa ikinipa tumbo la kuhara kila alipotaja majedwali ya kuzidisha: "Kasuku wangu. Kaa vizuri unisikilize." Halafu mkwaruzo mtupu.

Sinia lilianguka. Hakuna aliyeinama kuokota. Ilikuwa miaka mitatu hatujaisikia sauti ile, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa amejidanganya kwamba bado anaikumbuka. Hatukuikumbuka. Ilikuwa nene zaidi, na karibu zaidi. Mkazamjomba alikaa chini kwenye vigae, katikati ya vikombe vilivyopasuka, akaniomba nirudie. Nikarudia. Mjomba alikuwa ametazama ukuta.

Nililia na kuomba radhi mpaka akanipigia makofi ninyamaze. Nikamwambia aandike upya yale maneno, Jumamosi nitayasoma mimi, au asomewe na yeyote anayemtaka. Akaandika: "Miaka 31 nimeandika ubaoni. Nilitaka safari hii niseme." Chini yake akaongeza: "Basi. Yamekwisha."

Ndipo mkazamjomba aliposema, akiwa bado chini, "Mimi niliyasikia."

Tukamgeukia.

"Siku ile ulipokuwa unarekodi. Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliyasikia yote, na ninayo kichwani. Jumamosi wekeni hizo sekunde zenu, yanayobaki nitayasema mimi."

Mjomba alimkodolea macho kwa muda mrefu, kalamu imesimama hewani. Nikaona haya kwa niaba yake. Mtu anaficha siri yake kwa ustadi wote ule, kumbe mkewe alikuwa ameegemea mlango. Nilingoja aandike la kumkaripia, lakini aliitia kalamu yake kifuniko akaenda kuleta ufagio.

Jumamosi niliibeba kompyuta ile ukumbini kama yai. Nilikuwa nimebadilisha diski, nimekata mtandao, nimekagua ratiba za ndani mstari kwa mstari, na ile rekodi nilikuwa na nakala zake nne, moja imeshonewa kwenye pindo la gauni langu. Mshereheshaji alipotangaza kwamba baba wa bibi harusi atazungumza, watu waliacha kula. Wengi walidhani amekosea.

Nikabofya.

"Kasuku wangu. Kaa vizuri unisikilize."

Kasuku alikuwa ameinama akirekebisha kiatu. Aliinuka taratibu, rangi imemtoka, akawa anatafuta sauti ile kwenye dari, kwenye spika, mwishoni kwenye uso wa baba yake. Na alikaa vizuri. Mwanamke wa miaka ishirini na mitano, ndani ya shela, alinyoosha mgongo na kuweka mikono magotini.

Mkazamjomba akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Alisema hivi," akaanza. "Siku uliyozaliwa nilikuhesabu vidole mara mbili, kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu na sikuamini kwamba jibu linaweza kuwa zuri namna ile. Alisema, nilikuwa mkali kwako kuliko nilivyokuwa kwa watoto wa watu. Kosa hilo nililiona mapema, nikaona haya kulisahihisha. Alisema, mwenzako akikuuliza jambo mara mbili, mjibu mara mbili. Mimi nilizoea kumjibu mama yako mara moja tu, nikiona ninaokoa maneno. Sasa daktari amenipa siku nne, na maneno yote niliyookoa sijui niyapeleke wapi."

Akajipangusa pua.

"Hapa alinisifu sana mimi. Naruka."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kiliwasaidia waliokuwa wanalia. Kasuku hakucheka. Alikuwa ameshavuka meza, amempigia magoti mjomba, kichwa kwenye paja lake, na mjomba alikuwa anamvuruga shela bila kujua.

Baada ya picha nilimkuta mjomba peke yake kwenye meza ya pembeni. Nikavuta kiti. Nilitaka kumwambia kwamba angalau hakuna kilichopotea, kwamba mlango wa nyumba yake ulikuwa na masikio na tumshukuru Mungu. Akanipigia makofi mawili kabla sijafungua mdomo, akaandika.

"Siku niliyorekodi alikuwa kwa dada yake. Safari ya mwendo wa saa sita. Nilimsindikiza stendi mwenyewe."

Nikalitazama daftari. Nikamtazama mkazamjomba, upande wa pili wa ukumbi, akigombana na mpishi kuhusu sahani.

"Hakusikia?"

Akatikisa kichwa.

"Yote yale ametunga?"

Akaitikia.

"Sasa wewe ulisema nini mle ndani, mjomba?"

Akaandika: "Kuwahi. Usafi wa jiko. Kutopiga kelele asubuhi. Hoja 12, zenye vipengele."

Nilijaribu kuzuia kicheko nikashindwa, na mabega yake yeye pia yalikuwa yanatikisika. Dakika nane za vipengele. Siku tatu nzima nilikuwa nimejilaumu kama muuaji. Lakini alipoinua tena kalamu hakuwa anacheka.

"Lakini vidole nilivihesabu kweli. Mara mbili, dirishani. Sijamwambia mtu yeyote."

Akamwangalia mkewe, ambaye sasa alikuwa amechukua sahani mwenyewe na kuanza kuzigawa. Kisha akaandika mstari wa mwisho.

"Nilidhani amelala."

Aliichana karatasi ile, akaikunja mara nne, akainama na kuificha ndani ya soksi.