Mama Yoro na Shanga za Wageni

Amoin alipoingia ofisini asubuhi ile alimkuta Mama Yoro wake kavishwa shanga shingoni, gauni la maua madogo madogo, na makunyanzi uso mzima. Mama Yoro alikuwa muuza ndizi za kukaanga wa mtaa wa Yopougon, mhusika mkuu wa katuni waliyokuwa wakiitengeneza, na Amoin ndiye aliyemchora: mwili kama chungu, kilemba kilicholalia upande, macho ya nukta, na pengo la meno. Basi.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Mimi," alijibu Gnahoré, mkurugenzi wao. "Wanunuzi wa Ulaya wanasema huyu wako hana mapambo kabisa. Wanataka kuiona Afrika."

"Waione shingoni? Bosi, huyu anakimbia! Kipindi kizima anamfukuza mwizi wa karai lake. Maua yote hayo, yakichorwa upya kila picha, yatatetemeka kama ana homa!"

Drissa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa wahusika mwendo, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Amoin, dada yangu, usinipandishe presha," Gnahoré akasema. "Ni mistari tu."

"Mistari inayomeza uso. Hebu mkasirishe tuone."

Gnahoré aliwahi kuwa mchoraji, akavuta kalamu. Akamshusha nyusi, akamkunja mdomo. Hasira ikapotelea kwenye makunyanzi, Mama Yoro akaonekana anaumwa tumbo. Akafuta, akarudia, yakawa yale yale. Amoin alisimama nyuma yake mikono kiunoni, ingawa hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

"Haya, makunyanzi yatoke," Gnahoré akasema. "Shanga zibaki."

"Zitoke na maua yake. Pengo libaki. Watoto wa sokoni watamjua kwa pengo na kilemba, hata ukiwaonyesha kivuli."

"Na nikikataa?"

"Mchore wewe. Mimi simgusi."

Drissa akatazama dari. Wawili wale wakatupiana maneno mazito mpaka attiéké ya mchana, ule muhogo wa kupikwa kwa mvuke, ikapoa kwenye sahani. Mwishowe Gnahoré akakata shauri: kwenye katuni aende Mama Yoro wa Amoin, kwenye bango la kuitangaza aende mwenye shanga.

"Bango lisiwe na jina langu," Amoin akasema.

Likatundikwa kwenye njia panda ya Siporex, bila jina lake. Watu walilisifia sana. Amoin, kila alipopita pale, alisonya kwa sauti, wapita njia wakageuka.