Kabari Zote Kiunoni

Asubuhi ile shemeji alimkabidhi fundi ncha ya kamba, jua likiwa bado halijaugusa mwamba. Walikuwa wakiupanda ukuta ule wa jiwe tangu jana, shemeji akitangulia na yeye, fundi wa kupaka rangi, akifuata na mizigo kama punda wa msafara. Leo zamu ya kutangulia ilikuwa yake. Akifika salama kwenye kijukwaa cha juu, shemeji angemfanya mwenzake wa kudumu wa kupanda. Akishindwa, kila mtu angeshika njia yake. Na tangu mkewe afariki, huyu kaka wa marehemu ndiye mtu pekee aliyekuwa bado akimgongea mlango.

"Fundi," shemeji alimtania, "huu si ukuta wa sebule. Usiupapase, upande."

Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu. Unapachika kabari ya chuma katika ufa, unaivuta kwa nguvu kuijaribu, unapitisha kamba katika pete yake, unatundika ngazi ya utepe, unapanda vidato vyake, ndipo unatafuta pa kupachika nyingine. Baada ya kitambo, tumbo la mwamba lililochomoza lilimficha shemeji aliyebaki chini. Fundi aliita, upepo ukaibeba sauti. Kamba tu ndiyo iliyoendelea kumfuata, kimya.

Katika upakaji rangi, mtu hupanda na mbao zake za kusimamia, haachi kitu ukutani. Basi kila aliponing'inia kwenye kabari mpya, aliinama akaing'oa ya chini na kuirudisha kiunoni. Akiba haiozi, alijiambia. Vyuma vilivyogongana ubavuni vilikuwa kama watu wanaozungumza, naye alipenda kuvisikiliza.

Kisha ufa ukaisha. Mbele yake palibaki jiwe tupu, lenye kijino chembamba kama ukucha. Alitundika kulabu juu yake. Alipotazama chini, kamba ilishuka moja kwa moja hadi ikapotea, haikushikwa na kitu popote.

"Mola wangu," alisema, "mimi huyu hapa."

Akahamishia uzito wake hapo. Kulabu ikakwaruza, ikatulia. Alifika kijukwaani, akaifunga kamba, akalia kidogo. Hapakuwa na wa kumwona.

Shemeji alipanda kwa kamba ile ile, akatokeza mikono mitupu, bila kukuta kabari hata moja ya kukusanya njiani.

"Kabari ziko wapi?"

Fundi alionyesha kiuno chake, akingoja sifa. Shemeji hakutabasamu. Alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba kabari huachwa nyuma ili zimdake anayeanguka. Bila hizo angeporomoka urefu wote wa kamba, akapita pale shemeji alipokuwa amekaa, akamvuta naye chini.

"Nilidhani nikianguka, naanguka peke yangu," fundi alisema.

"Na mimi niliyefungwa upande wa pili, ni jiwe?"

Shemeji akasema wanashuka. Fundi akadhani ameshindwa.

"Jumamosi tunarudi," shemeji aliongeza, akitayarisha kamba ya kushukia. "Utatangulia hapa hapa. Na mimi nikija nyuma, nataka kila nikinyoosha mkono nikute kabari."

Akatangulia kushuka. Tumbo la mwamba lilipomficha, fundi alibaki peke yake kijukwaani, kiganja chake juu ya kamba, akiisikia ikitetemeka kwa uzito wa mtu.