Mkia wa Arvid Lampinen

Jumatano, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, Helmi Lampinen alikuwa akimenya viazi mumewe Arvid alipotoka kuoga mvuke akiwa ameota mkia. Ulikuwa mkia wa kulungu, kahawia juu na mweupe chini. Helmi alimuuliza kama unauma. Hauumi, alisema, ila kukaa kitini ni kazi. Basi Helmi akachukua suruali ya sufu ya mumewe, akaitoboa nyuma, akalipinda tundu kwa uzi mwekundu, kisha akarudi kwenye viazi.

Katika misitu ile ya kaskazini mwa Michigan, watoto husoma mkia wa kulungu kabla ya kusoma herufi. Ukipunga kushoto na kulia, mnyama ametulia. Ukiinuka nusu, ameanza kushuku. Ukisimama wote, weupe nje, ameshakuona na humpati tena. Ukibanwa katikati ya miguu, risasi imeingia, hata kama anakimbia kama mzima, fuata damu.

Kwa miaka thelathini Helmi alikuwa akiuliza kama supu ni nzuri, na Arvid, bahili wa maneno, akijibu, "Inalika." Siku ile mkia ulipunga kushoto na kulia mpaka bakuli likaisha. Helmi alifurahi hadi akajicheka.

Hata hivyo alikuwa na dukuduku lake la siku nyingi. Kwenye baa ya Veikko kilitundikwa kichwa cha kulungu dume mwenye pembe za ncha kumi na mbili, na chini yake kibao cha shaba: ARVID LAMPINEN. Dume yule aliuawa na Helmi, kwa risasi moja, Arvid akiwa amelala kibandani na uchovu wa pombe. Helmi hakuwa na kibali cha kuwinda mwaka ule, kwa hiyo Arvid alifunga kwenye pembe lebo ya kibali chake, inayoonyesha mnyama ni wa nani. Watu wakasoma lebo, wakampongeza, naye akanyamaza. Tangu hapo Helmi alitaka kitu kimoja tu, jina lake kwenye kile kibao.

Alhamisi jioni Arvid na Helmi walikwenda kwenye baa, na wanaume wakamwomba Arvid hadithi ya yule dume, kama kila mwaka. Alipofika pale dume anapotoka kwenye misonobari, mkia wa Arvid ulisimama mweupe. Alipofika pale anapofyatua, ukabanwa katikati ya miguu.

Veikko alimaliza kufuta glasi. "Huyo kapigwa," akasema.

Wengine walikubali kwamba kapigwa. Kisha wakageuka kumtazama Helmi.

"Dume nilimpiga mimi," alisema Helmi. "Na upepo haukuwa wa mashariki kama anavyowadanganya. Ulikuwa wa kaskazini."

Walimuuliza alisimama wapi na alitumia risasi gani, naye akawaeleza yote, uso ukimwaka kwa fahari. Veikko alimletea bia ya bure.

"Ila kibao hufuata lebo, shemeji," alisema. "Mpaka mwenye lebo aseme mwenyewe."

Arvid alikuwa akitafuta kofia yake.

Nyumbani Helmi alipasha supu. "Utamwambia Veikko abadilishe?"

"Kesho," alisema Arvid.

Helmi aliuchungulia mkia. Ulikuwa umebanwa. Akajaza bakuli, akaliweka mbele ya Arvid, na mkia ukaanza kupunga kushoto na kulia.

Msimu huu ni wa nne tangu mkia uote. Arvid bado anasema kesho, na Helmi hukata tundu kwenye kila suruali mpya.