Bastola Kabla ya Mapumziko

Revati alikuwa akichuja chai huku akimsimulia shangazi yake filamu aliyoiandika, kama afanyavyo kila asubuhi, simu ilipolia. Alikuwa Bhasin, mtayarishaji wa filamu.

"Binti, niko njiani naelekea uwanja wa ndege. Nisimulie sasa hivi."

Mjini Mumbai filamu huuzwa kwa mdomo, na mwandishi huigiza wahusika wote mwenyewe. Revati akaanza. Kila mtayarishaji aliyemkataa alikuwa amemwachia ushauri, naye aliufuata wote: akaongeza bastola, mchumba tajiri, na wimbo wa kwenye mvua. Sasa hata sauti yake ilimchosha.

"Mbona unasimulia kama mtu anayetangaza treni?" Bhasin alimkatiza. "Na kabla ya mapumziko ya katikati ya filamu, nani anapigwa risasi?"

"Sema tajiri," shangazi alinong'ona. "Muue tajiri, mwanangu, tunywe chai!"

Revati aliketi sakafuni.

"Hapigwi mtu risasi, bwana. Bastola si yangu. Filamu inamhusu mama yangu. Alipika miaka yote akila wa mwisho, mpaka siku moja akajipakulia akala wa kwanza, na nyumba nzima ikanyamaza. Hiyo ndiyo filamu niliyotaka kukusimulia."