Kioo Juu ya Kisima

Jumamosi ile mume wangu, Bartolomayo, alikunywa uji wa uwele akiwa amesimama, kwa sababu nyanya zilikuwa zinakauka na alitaka kumwagilia kabla jua halijawa kali. Aliniambia nimletee chai shambani. Chai ilikuwa bado haijachemka niliposikia Daudi, mdogo wake, anapiga kelele kisimani.

Ninaandika ili nisije nikasahau yalivyofuatana. Siku hizi kila mtu anasimulia kwa namna yake, na wanangu wakikua watataka kujua.

Shamba letu liko Haneti, mbali kidogo na barabara ya lami. Kisima tulichimba kwa mikono, na kila mwaka wa ukame maji yanazidi kwenda chini. Pampu ya petroli ikikaa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo mbali vile. Kwa hiyo mume wangu alifanya kama wanavyofanya wengi huku: alichonga kibaraza ndani ya kisima, karibu na maji, akaishusha pampu kwa kamba akaiweka pale. Ilivuta vizuri. Moshi wake hatukuufikiria. Tulidhani unapanda na kwenda zake kama moshi wa jikoni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa na mgeni. Ruthu, wifi yangu, dada wa Bartolomayo, ni askari wa zimamoto Dodoma mjini. Alikuwa kwenye mafunzo maalumu ya kuokoa watu waliokwama kwenye mashimo, visima na majengo yaliyoanguka. Alikuja kutusalimia na kamba yake ya mazoezi, na baada ya kula akakaa uani anafunga mafundo kwenye kinu changu.

"Yaani serikali inakulipa ujifunze kufunga kamba?" Bartolomayo alimwuliza. "Mbuzi wa baba wangekufundisha bure."

"Mbuzi wa baba kila siku wanafunguka, kaka. Nani anawafunga?"

"Daudi."

"Mimi msinitaje," Daudi alisema, mdomo umejaa ugali.

Ruthu akanigeukia. "Wifi, njoo nikufunge wewe, uone kama utatoka."

"Nilishafungwa na kaka yako. Mpaka leo sijatoka."

Tulicheka sana. Hata Mzee Eliakimu, baba mkwe wangu, alicheka mpaka akakohoa. Ruthu akatueleza kwamba kila asubuhi mwalimu wao huwauliza: kisimani kuna mtu mmoja, umeshuka bila mtungi wa hewa, sasa wako wangapi? Nao hujibu kwa pamoja: wawili!

"Hesabu ya chekechea hiyo," Bartolomayo akasema.

Nilipofika kisimani asubuhi ile nilimkuta Daudi amepiga magoti ukingoni. Akasema pampu ilizima yenyewe, kaka akashuka kuiangalia. Alipofika kwenye kibaraza alisema kichwa kinamgonga. Halafu kimya.

Huku kwetu mtu akizama kisimani, ndugu yake wa damu ndiye anayeshuka, na hangoji kuambiwa. Daudi alikuwa ameshavua shati na viatu. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya kuchonga ukutani mwa kisima Ruthu alipofika mbio, kamba begani. Alimshika mkanda, akamvuta nyuma, wakaanguka wote wawili.

"Hakuna kushuka!"

"Ni kaka yetu, Ruthu!"

"Kule hakuna hewa, kuna moshi. Utaanguka juu yake."

"Basi na nianguke!"

Akanyanyuka aende tena. Ruthu alimkata mtama, akamkalia mgongoni, akamfunga mikono kwa kamba yake. Kisha akamburuta hadi kwenye mgunga ulio karibu, akamfungia kwenye shina. Daudi ana nguvu kuliko yeye, lakini fundo lile hakuliweza. Alilia kwa Kigogo, akamwita dada yake majina ambayo sitayaandika.

Ruthu alipiga simu kikosini. Baada ya hapo akachukua kamba ya ndoo, akatengeneza kitanzi, akakishusha. Akatutuma mimi na jirani yetu Thomas, aliyekuja aliposikia kelele: Thomas akate matawi yenye majani mengi, mimi nilete kioo, maana kisimani kulikuwa giza. Nilikimbia nyumbani nikaleta kioo cha Bartolomayo cha kunyolea.

Nilishika kioo, nikalirudisha jua ndani. Nilimwona. Alikuwa amelala ubavu kwenye kibaraza, mkono umening'inia karibu na maji.

"Barto!" Ruthu aliita. "Weka mkono kwenye kitanzi! Barto, kitanzi hiki hapa!"

Thomas alikuwa akishusha furushi la matawi na kulipandisha, chini juu, ili kusukuma hewa. Nikaona vidole vinacheza.

"Anatikisika!" nilisema. "Ruthu, vidole!"

"Nifungueni!" Daudi alipiga kelele. "Jamani, yu hai, nifungueni!"

Wanaume waliokuwa wamefika wakaanza kuvua viatu. Ruthu akasimama kwenye mdomo wa kisima, miguu huku na huku, panga la Thomas mkononi. "Atakayeshuka anipite mimi kwanza." Sauti yake ilikuwa imepasuka. Kisha akaniambia polepole, "Nimeona, wifi. Shika kioo."

Nilishika. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka na mwanga ulikuwa unatetemeka kule chini. Mpaka leo sijui kama vilikuwa vidole vyake au mikono yangu.

Gari la zimamoto lilikwama mchangani kwenye korongo. Tulilisikia likinguruma, halisogei. Wanaume wakaondoka kwenda kulisukuma, tukabaki sisi, na Ruthu akiita. Kitanzi kilimgusa bega mara nyingi. Hakukishika.

Wenzake walipofika walisimamisha vyuma vya miguu mitatu juu ya kisima. Mmoja akashuka na mtungi mgongoni, uso umefunikwa. Walimpandisha Bartolomayo taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha. Mkuu wao, Afande Wambura, alimgusa shingoni, wakambonyeza kifua kwa muda mrefu, kisha wakaacha.

Daudi bado alikuwa mtini. Ruthu alikwenda kumfungua, vidole vikakataa. Wambura ndiye aliyelifungua fundo.

"Nani kamfunga?"

"Mimi, afande."

Wambura akamgeukia baba mkwe wangu, aliyekuwa amefika kisimani. "Mzee, hewa ya mle ndani, kijana huyu asingefika hata kwenye kibaraza. Mngekuwa mnalia wawili."

Mzee Eliakimu hakumtazama. Alimtazama binti yake.

"Kamba nzuri ulikuwa nayo," alisema. "Ukamfunga mzima."

Kwenye msiba Ruthu alikaa jikoni na wanawake akisonga ugali, na watu walipokea sahani kutoka mikononi mwake bila kusema asante. Daudi alikuwa akiondoka kila alipomwona. Mimi nilitaka kumwuliza kuhusu vidole. Yeye alikuwa karibu zaidi, macho yake yamefundishwa kuangalia. Nilimfuata hadi kwenye mafiga, tukatazamana, nikamwomba chumvi.

Alirudi mafunzoni akayamaliza. Akipata ruhusa huja, na huniletea sukari na madaftari ya watoto. Hupiga goti mbele ya baba yake na kusema, "Shikamoo, baba." Mzee huangalia mbuzi. Hajaitikia bado.

Msimu uliopita Daudi alioa. Pampu imelala ghalani chini ya magunia, na kioo nimekirudisha kwenye msumari wake. Daudi ndiye anayemwagilia nyanya sasa, anachota kwa ndoo.