Shukrani kwa Kirusi

Mwalimu alikuwa amefundisha Kirusi miaka kumi na tisa, kwa chaki na kamusi isiyo na jalada. Akaomba ufadhili wa kwenda kukinoa ng'ambo, kwa wenyewe. Kwenye usaili akazungumza Kirusi mpaka koo likamkauka. Mpwa wa mkurugenzi wa shule, naye mwombaji, bwana mzima mwenye tai, akakohoakohoa sauti za ajabu, akamalizia na neno "vodka". Kamati, ambayo haikujua Kirusi hata cha kuombea maji, ikampa mpwa nafasi.

Wiki iliyofuata mkurugenzi akamwita Mwalimu. "Wewe ni mtu mzima, dada yangu, usiweke kinyongo. Mfundishe mpwa wangu walau maneno ya kuwashukuru wenyeji."

Kinyongo cha nini? Siku kumi alimkaririsha sentensi moja tu, hadi lafudhi ikanyooka kama rula. Mkurugenzi akapiga makofi.

"Maana yake nini?"

"Asanteni kwa heshima hii," Mwalimu akajibu, macho makavu.

Mpwa akapaa. Huko ng'ambo akapanda jukwaani, akainama, akawaambia maprofesa ukumbi mzima, kwa Kirusi kisicho na doa: "Kirusi sikijui. Ninayemjua ni mjomba."